Tusi Lililokuwa na Njaa

Asiyenijua anijue: mimi ni mtu niliyejitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikwenda Doha na begi moja na stashahada ya usimamizi wa hoteli, nikarudi Tanga nikajenga nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, kila chumba na bafu lake, na maji hayakatiki. Wapo waliorudi kutoka Ghuba na televisheni kubwa na hadithi za jua kali. Mimi nimerudi na vyumba. Watu wakiniuliza siri yake, huwaambia ni elimu na nidhamu, na sidanganyi. Ila leo nitaeleza habari za wikiendi moja ambapo elimu yangu yote haikunifaa kitu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mpishi anachungulia dirishani kuona kama nimepatwa na jambo.

Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja kubwa ya West Bay. Sikuwa wa kubeba mizigo, naomba ieleweke. Nilikuwa yule anayesimama nyuma ya meza ya marumaru na tai shingoni, anayejua majina ya mabalozi. Mke wangu alikuwa akimhudumia bibi mmoja mzee katika nyumba ya familia moja ya Kikatari: kumwogesha, kumpa dawa, kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Alilala hukohuko. Mimi nililala Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na wanaume watatu, vitanda vya ghorofa, na friji moja ambayo kila mtu aliandika jina lake kwenye maziwa yake.

Mji mmoja, basi moja tu kati yetu, na tulikuwa tunaonana Ijumaa alasiri kama vijana wanaochumbiana. Tulikuwa tumeoana miaka mitatu. Harusi ilifungwa katika likizo yangu ya siku kumi na nne, na kumi kati ya hizo zilimezwa na mashangazi. Hatukuwahi, tangu tuoane, kulala siku saba mfululizo chini ya paa moja.

Japani iliingia kwa njia ya mgeni. Mhandisi mmoja wa Kijapani alizoea kusimama mezani kwangu kila asubuhi akisubiri gari, na siku moja alinionyesha picha za kijijini kwao: barabara nyembamba kati ya mashamba ya mpunga, mti wa matunda ya rangi ya chungwa, milima nyuma yake. Nikamwomba anitumie, nami nikamtumia mke wangu. Alinipigia palepale.

"Hakuna mtu," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye picha. Barabara nzima, baba, hakuna mtu hata mmoja! Nipeleke hapo."

Mtu anayelala chumba kimoja na wasichana watano, na kengele ya bibi pembeni ya sikio, ukimwonyesha barabara tupu umemwonyesha peponi. Nikasema nitampeleka. Mimi nikisema, nimesema.

Mwenzangu wa chumba, dereva wa Kiganda, akajiunga na safari kabla hata sijamwalika. Ilibidi, kwa sababu Wajapani wanakubali kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa Uganda na hawakubali cha Tanzania, jambo ambalo mpaka leo naliona ni uonevu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kanisani, aliyejifunza Kiswahili barabarani na kukitumia bila hofu yoyote. Tukapanga: siku kumi mwezi wa kumi, gari dogo la kukodi lile lenye namba za njano, kutoka Sendai kwenda milimani na kurudi. Yeye angelala garini. "Mimi nimezoea," alisema. "Gari ni nyumba yangu. Nyinyi mtafute yenu."

Kutafuta hiyo yetu ndiko kulikonitoa jasho.

Mke wangu alikuwa na sharti moja tu, na alilisema mara moja bila kupandisha sauti: mlango wenye ufunguo. Hakutaka bwawa la kuogelea, hakutaka kifungua kinywa. Alitaka mlango ambao ukiufunga kwa ndani hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kuufungua. Nikacheka. Nilikuwa mtu wa hoteli, jamani. Milango ndiyo kazi yangu.

Nikaanza kutafuta kwenye simu, nikapata nyumba ya wageni nzuri kijijini, bei ya ajabu, nikampigia mke wangu nikijipongeza. Siku mbili baadaye nikagundua kwamba kule vijijini wanatoza kwa kichwa, si kwa chumba, na chakula cha jioni kimo ndani ya bei upende usipende. Ile bei ya ajabu ikazaa pacha. Nikapata nyingine, rahisi kweli. Milango yake ilikuwa ya karatasi, ya kusukuma pembeni, na komeo hakuna. "Karatasi?" mke wangu akauliza. "Unataka nilale kwenye bahasha?" Nikapata vile vijumba vya plastiki ambamo mtu mmoja anateleza kama mkate kwenye oveni. Akatazama picha akasema, "Innalillahi." Nikapata malazi ya hekaluni, akauliza kama watatuamsha alfajiri kusali sala zao au zetu. Yule Mganda akasema, "Shemeji, laleni nami garini, tunakunja viti," na mke wangu akamjibu kwamba hakuolewa kwa mahari ya ng'ombe wawili ili alale nyuma ya kiti cha dereva.

Na muda ulikuwa unakwisha. Familia ya bibi ilikuwa inakwenda London katika siku zilezile kumi, na bibi hakuwahi kusafiri bila mke wangu wa kumsukuma. Lakini bibi alikuwa na moyo. Alimwambia: niletee karatasi za safari yako zilizokamilika Jumapili asubuhi, nami nitamchukua binti mwingine, usipoleta, jina lako linaingia kwenye tiketi za London. Karatasi zilizokamilika maana yake ni ratiba ileile inayotakiwa na ubalozi wa Japani kwa ajili ya viza, yenye mahali pa kulala kila usiku. Nilikuwa na usiku sita mikononi. Usiku minne ya milimani ilikuwa tupu. Likizo yetu nyingine ya kugongana ingekuja lini, Mungu ndiye alijua.

Alhamisi hiyo nikapata. Nyumba ya kale ya wakulima, mama mmoja na mumewe, vyumba viwili tu vya wageni, chakula si lazima, na kwenye picha, wallahi, mlango wa mbao wenye tundu la ufunguo. Nikaomba usiku yote minne, na ujumbe nikamwandikia mwenyewe. Sikuandika kama watu wengine, "naomba chumba". Nilimweleza mimi ni nani, nimesoma nini, nimewahudumia watu gani, na kwamba lugha yangu ya kuzaliwa ni Kiswahili, lugha yenye adabu kuliko zote. Uthibitisho ukaja palepale. Ikabaki tu mama mwenye nyumba anitumie maelezo.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa na Mganda kwenye kantini yetu ya Fereej Bin Mahmoud, ile ya chai ya maziwa na wali wa kuku. Meza ya pili walikaa akina dada wa Mombasa, wafanyakazi wa saluni, na nyuma yao walinzi wawili wa Kikenya bado wamevaa sare. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye sahani ya wali. Simu ikalia juu ya meza, Mganda akainama kutazama.

"Ndugu, ni yule mama wa Japani. Na ameandika Kiswahili!"

Hebu fikiria. Mama wa milimani Japani, ameambiwa mgeni wake ni Mswahili, akachukua simu yake akaiambia imtafsirie, kwa heshima tu. Nilihisi kichwa kinavimba. Nikageuka meza ya pili.

"Akina dada, samahani. Sikilizeni kidogo. Mjapani ananiandikia Kiswahili."

"Haya, tusikie, bwana balozi," akasema mkubwa wao, na wote wakaacha kula.

"Soma," nikamwambia Mganda. "Kwa sauti."

Sauti ya kanisani ikasimama. "Mgeni mheshimiwa, salamu kutoka mlimani. Nimefurahi kwamba wewe ni mtu wa Kiswahili. Chumba kina mlango wa mbao na ufunguo. Maji ya kuoga ni ya moto sana, tafadhali ingieni polepole."

Akina dada wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama waziri.

"Ninaomba jambo moja," Mganda akaendelea. "Jioni, tafadhali jihadharini na..."

Na hapo akatamka neno. Sitaliandika. Mama yangu bado yu hai na anasoma kila ninachoandika. Ni tusi la nguoni, la herufi nne, ya kwanza K, lile ambalo mtoto akilisema mara moja anakumbuka kofi lake mpaka uzeeni. Mganda alilitamka kwa ukamilifu, bila haraka, na kwa kuwa kantini nzima ilinyamaza, akadhani wanavutiwa, akaongeza sauti.

"Mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana, na wana njaa. Wanapenda matunda ya mti wetu. Mkeo asiende nyuma ya nyumba peke yake. Mume wangu atapiga kengele na watakimbia."

"Astaghfirullah!" Dada mkubwa alikuwa amesimama. "We kaka! Watu wanakula hapa!"

"Ni nini?" akauliza Mganda. "Mbona? Mimi nasoma tu!"

"Rudia hilo neno uone!"

Naye, maskini, akalirudia, kwa uzuri zaidi. Mlinzi mmoja alitemea chai mezani. Mwingine alishika kifua, machozi yanamtoka. "Banange," Mganda akaniambia, "kwetu hilo neno ni kuwasha moto. Unaambia mtoto awashe moto, basi. Kwenu lina shida?"

Kwetu lilikuwa na shida. Nilinawa mikono, nikachukua simu, nikaona kwa macho yangu. Lipo. Limeandikwa barabara, herufi zote nne. Tena linafuatiwa na mke wangu! Damu ilinipanda. Nilimwandikia yule mama kwa Kiswahili, ili mashine yake ihangaike nacho: kwamba mimi nimewahudumia watu wakubwa, sijawahi kutukanwa na mtu mwenye nyumba, kwamba heshima ya mke wangu si mchezo, kwamba hayo yaliyoko nyuma ya nyumba yake abaki nayo yeye na mumewe na kengele yao. Nikatuma. Nikafuta usiku minne. Dada mkubwa akaniambia, "Sawasawa. Mwanaume ndiyo hivyo." Nikaketi nikiwa na raha ya mtu aliyetetea jambo.

Mke wangu alifika saa tisa na nusu, mkoba begani, uso umechangamka. Alikuwa amenunua soksi nene kwa ajili ya baridi ya milimani. Nikamkalisha, nikamwagizia chai, nikamweleza yote, nikimaliza kwa ile barua yangu ambayo niliiona nzuri sana.

Akaweka soksi mezani. "Umefuta?"

"Nimefuta. Siwezi kukupeleka kwa watu wa namna ile."

"Umefuta chumba chenye ufunguo."

"Mke wangu, ametutukana."

"Nipe simu."

Akasoma. Aliishia darasa la saba, mke wangu, nami kwa miaka mitatu nilikuwa nikimsahihisha Kiingereza chake mbele za watu. Alisoma ule ujumbe mara mbili, kidole kikitembea chini ya mistari kama anavyosoma maelezo ya dawa za bibi. Kisha akainua macho.

"Kwa nini ameandika 'wana njaa'?"

"Nini?"

"Hapa. 'Ni wengi.' 'Wana njaa.' 'Watakimbia.'" Akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Hilo tusi ngeli yake si hiyo, baba. Lingekuwa tusi, angesema 'ni nyingi, zina njaa, zitakimbia'. Huyu anazungumzia kitu chenye roho. Kina miguu. Kinakula matunda."

Mganda akaacha kutafuna. Nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa ya Kiswahili shuleni kwetu. Lakini mwenye hasira haangalii ngeli.

Akaandika lile neno kwenye simu, pale mezani, kwa herufi, bila haya yoyote, akaongeza neno "Japani", akasubiri. Kisha akaugeuza uso wa simu kwangu. Dubu. Ndilo jina lake kwa Kijapani, na mashine ililiacha vilevile. Dubu mkubwa mweusi, doa jeupe kifuani, amekaa juu ya mti anakula matunda ya rangi ya chungwa.

"Huyo ndiye aliyekutukana," akasema.

Sikumbuki nani alianza. Nafikiri ni Mganda. Alicheka akapiga meza hata vikombe vikaruka. Mke wangu alilala juu ya zile soksi. Kila alipojaribu kukaa sawa alisema "wana njaa" na kuanguka tena. Mimi nilijizuia kwa muda, kwa ajili ya hadhi, kisha nikaona ile kengele, yule mzee wa Kijapani akikimbia nyuma ya nyumba na kengele kuzifukuza zile, nikashindwa. Dada mkubwa wa Mombasa akaja kuuliza kulikoni, mke wangu akamwonyesha picha, na yeye akapiga kelele iliyomtoa mwenye kantini jikoni.

Kicheko kilipokwisha, nikakumbuka. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi bibi anataka karatasi. Na mimi nimemtukana mwanamke mzee aliyekuwa anatulinda tusiliwe.

Nikaanza kuandika barua ya kuomba radhi. Ilikuwa inaanza na historia ya lugha ya Kiswahili. Nilipofika aya ya tatu mke wangu akaninyang'anya simu.

"Utamchosha."

"Jambo kama hili linahitaji hekima. Huwezi kumwambia mama wa watu waziwazi..."

"Ni mwanamke kama mimi," akasema. Akaandika, nami nikasoma kwa juu ya bega lake nikihisi masikio yanawaka. Aliandika hivi: Bibi, shikamoo. Mimi ndiye mke. Jina la mnyama wenu, kwa lugha yetu, ni jina baya la kile ambacho mimi na wewe tunacho na waume zetu hawana. Mume wangu alifikiri unatutukana. Si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Naomba chumba chetu.

Kisha akatuma, kabla sijamzuia.

Jumamosi nzima nilisimama kwenye meza yangu ya marumaru na simu mfukoni, kila mtikisiko wake ukinishtua kama umeme. Benki. Kampuni ya simu. Kundi la watu wa Tanga. Mgeni mmoja akaniuliza ufuo uko wapi, nikamwelekeza kwenye maegesho. Kwenye mapumziko nilitazama malazi mengine yote ya milima ile. Yaliyobaki yalikuwa ya bei ambayo hata mabalozi wangu wangesita. Mke wangu hakunipigia. Saa sita akanitumia ujumbe mmoja tu: bibi ameuliza saizi yake ya koti kwa ajili ya London. Nikausoma nikiwa nimesimama, nikaenda chumba cha mizigo, nikakaa juu ya sanduku la mtu.

Saa tisa mchana mama wa mlimani akajibu. Nilimpigia mke wangu nikamsomea kwa simu, yeye akiwa jikoni kwa bibi, na neno lile nililiruka kila lilipotokea.

"Mke mpendwa," aliandika, "nimesoma mara tatu. Mara ya tatu nilikaa sakafuni. Mume wangu aliuliza nani amekufa. Nilimweleza. Tangu asubuhi hawezi kupiga kengele, kila akiishika anacheka. Hapa tunasema neno hilo kila siku. Liko kwenye vibao vya barabarani, herufi kubwa, na picha. Nawaonea huruma mtakapofika."

"Chumba," mke wangu akasema. "Chumba, baba, soma chumba!"

Macho yangu yalikuwa yameshatangulia mbele na kurudi. "Chumba mlichokiacha nimewapa wageni wa mjini. Samahani sana."

Nikasikia sufuria inawekwa chini taratibu.

"Kimebaki kimoja," nikaendelea kusoma, "lakini ninaona haya kuwapa wageni. Ni ghala letu la zamani la mpunga. Tumeliwekea godoro na taa. Kuta zake ni nene kama urefu wa mkono wangu. Dirisha ni dogo. Mlango ni mzito, mume wangu huusukuma kwa bega, na kufuli lake ni la chuma, la babu yake, hufungwa kwa ndani. Hakuna mnyama wala mtu anayeweza kuingia. Ninaweza kuwapa kwa nusu ya bei, kama hamtachukia."

Kisha zikaja picha. Kufuli lile lilikuwa na ukubwa wa papai. Ufunguo wake, mama yule aliulaza kwenye mkono wake ili tuone kipimo, ulitoka kiganjani ukafika karibu na kiwiko. Nikamtumia mke wangu. Halafu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada, kama birika linalochemka, na nyuma yake sauti ya bibi akiuliza kwa Kiarabu nani amefariki.

"Ngome!" mke wangu alikuwa anasema. "Amenipa ngome!"

Mimi naye tukakubali kabla mama hajabadili mawazo. Nilitaka kuongeza maneno mawili ya shukrani yenye hadhi, lakini mke wangu alikuwa ameshaniambia niandike "asante bibi, tunakuja, mwambie mzee apige kengele", basi nikaandika hivyo. Mganda akapeleka ratiba kwenye duka la kuchapisha, akairudisha katika bahasha ya plastiki, kurasa nne, usiku kumi, kila usiku na mahali pake, akampelekea mke wangu usiku huohuo. Kwenye safu ya jina la malazi, kwa ile minne, nilikuwa nimeandika mwenyewe: ghala la mpunga.

Jumapili asubuhi nilikuwa kazini. Kilichotokea kwa bibi mke wangu alinisimulia baadaye. Bibi alivaa miwani, akazipitia karatasi moja moja, binti yake akimtafsiria, mpaka wakafika ukurasa wa tatu. Wakanong'onezana. Binti akauliza kama ni makosa ya uchapaji.

"Si makosa," mke wangu akasema. "Ni ghala la mpunga."

"Unakataa hoteli ya London," bibi akauliza, "chumba chenye zulia, ukalale kwenye ghala la mpunga mlimani?"

"Na mume wangu, bibi."

"Kuna nini humo?"

Mke wangu akafungua simu, akamwonyesha kufuli.

Bibi alilitazama kwa muda mrefu, akavua miwani akaifuta, akalitazama tena. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwanamke wa nyumba kubwa isiyokosa watu, mwenye wajukuu wanaoingia chumbani kwake bila kubisha. Akamrudishia simu. Akasema neno moja la Kiarabu ambalo kila mfanyakazi wa kike Doha analijua, maana huambiwa hilo mara ishirini kwa siku, akatumwa huku na kule. Safari hii halikuwa la kumtuma kazi.

Wakati huo mbele yangu alisimama mgeni, mfanyabiashara wa makamo, uso umechoka kwa safari, kadi yake ya chumba iko mkononi mwangu. Simu ikatikisika mfukoni. Sheria ya mapokezi ni kwamba hutazami simu mbele ya mgeni, na mimi sheria hiyo niliifundisha wenzangu. Nikaitazama.

"Amesema ruhi. Nenda."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Najua kwamba nilimshika mgeni mkono kwa mikono yangu miwili, nikamtikisa hata mkoba wake ukaanguka, nikasema "Mabruk!" kwa sauti iliyofika mpaka kwenye lifti na kuwageuza watu.

Mgeni akanishukuru, kwa adabu, akaokota mkoba wake. Kisha akauliza kama ameshinda kitu.

"Chumba, bwana," nikamwambia, nikimkabidhi kadi. "Umepata chumba!"